Pima Kwanza, Ndipo Ununue
Juzi kijana mmoja wa Kahama alinisikilizisha wimbo wa manju wa Kisukuma aliourekodi chumbani kwake. Sauti tamu, lakini nyuma yake unasikia mvumo usiokoma, kama karasha linalosaga mawe usiku kucha. Akaniuliza: kaka, ninunue kadi gani ya sauti? Nikamkumbusha kwamba mchimbaji wa dhahabu wa Geita hatoi hela ya mfuko wa mawe kabla ya kusaga kidogo na kuosha kwenye karai. Naye apime kwanza. Achomoe chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikoma, mchawi ni umeme, kadi haina kosa. Usipokoma, sasa aingie dukani. Wa kusikiliza muziki na kutazama filamu tu, kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB kinamtosha, wala hafungui mashine. Anayerekodi atafute kifaa chenye tundu kubwa la maiki na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa. Behringer UM2 ni mfano wa bei nafuu. Asibabaishwe na namba za kwenye boksi: CD ilituburudisha miaka yote kwa biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na masikio yetu ni yaleyale. Kwa chenji itakayobaki anunue hedifoni nzuri na pazia zito. Mvua ikipiga bati, hakuna kadi duniani itakayoinyamazisha.