Chuma cha Kinywani Kikaguliwe Kama Silaha

Askari hakabidhiwi bunduki isiyokaguliwa. Lakini askari huyo huyo anapowekewa meno ya bandia yenye kiunzi cha chuma, ni wachache wanaouliza: chuma hiki ni cha namna gani, na nani amekipima?

Swali hili si la anasa. Bunduki hurudishwa ghalani baada ya lindo. Meno ya bandia hukaa kinywani kwa miaka, yakiloweshwa na mate, chumvi na asidi za vyakula. Humo chuma huliwa polepole, na chembe zake huingia mwilini.

Viunzi vingi ni vya aloi ya kobalti na kromiamu, iliyoanza kutumika katika tiba ya meno miaka ya 1930. Kobalti nyingi ya dunia huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Kromiamu ndiyo ngao, kwani hufanya utando mwembamba unaozuia kutu. Madhara hutokea hasa pale nikeli inapochanganywa, maana miili ya watu wengi huikataa, fizi zikawasha na kuvimba. Beriliamu nayo huumiza mapafu ya fundi avutaye vumbi lake.

Kwa ajili hiyo Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) limeweka masharti. Aloi hutumbukizwa kwa siku 7 katika maji yenye chumvi na asidi ya laktiki, kwa joto la nyuzi 37. Ikitoa zaidi ya mikrogramu 200 za metali kwa kila sentimita mraba, hukataliwa. Beriliamu na kadimiamu zisizidi asilimia 0.02, na nikeli ikizidi asilimia 0.1 sharti itangazwe. Aidha, seli hai hukuzwa katika maabara pamoja na majimaji yaliyoloweka chuma hicho, ili ionekane kama zitakufa.

Wako watakaosema kwamba gharama ni kubwa. La hasha! Kazi ya kupima ni ya mtengenezaji. Kazi yetu ni kudai cheti chake. Na cheti hicho ni cha chuma kipya, si cha mabaki yaliyoyeyushwa tena na tena ili kubana matumizi. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Kwa hiyo, hospitali za Jeshi na Polisi zisipokee chuma cha meno kisicho na cheti, na jina la aloi pamoja na namba yake viandikwe katika kadi ya mgonjwa. Nawe ndugu askari, kama bizimu ya mkanda au saa ya mkononi hukuwasha ngozi, mwambie daktari mapema, kwani huenda hiyo ni dalili ya kukataa nikeli. Kuuliza si utovu wa nidhamu. Mlinzi wa taifa ana haki ya kulindwa hata kinywani mwake.