Usalama wa Ndege za Kilimo Huanzia Ardhini

Ndege ya kunyunyizia viuatilifu hufanya kazi katika kimo ambacho ndege nyingine hukiepuka. Rubani huruka mita chache juu ya mimea akiwa na shehena ya dawa, kisha hugeuka kila anapofika mwisho wa eneo. Katika kimo hicho, kosa dogo hukosa nafasi ya kusahihishwa.

Kwa wananchi wa Makambako na Njombe, suala hili haliko mbali. Makambako ni lango la kuelekea Bonde la Usangu wilayani Mbarali, ambako wakulima wa mpunga husumbuliwa na kwelea kwelea. Makundi hayo hunyunyiziwa dawa jioni yanaporejea mahali pa kulala. Hivyo rubani hulazimika kuruka chini wakati ambapo mwanga unapungua.

Nyanda za juu nazo zina ugumu wake. Mji wa Njombe uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege iliyosheheni huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na hupaa polepole. Aidha, ukungu wa msimu wa baridi huficha vilima.

Hata hivyo, hatari iliyo ngumu zaidi kuonekana ni waya. Njia ya umeme ya kilovoti 220 inatoka Makambako kupitia Madaba hadi Songea, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefikisha nyaya vijijini. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini kila njia mpya huifanya ramani ya zamani ipitwe na wakati. Rubani huona nguzo kabla ya waya. Na pale ambapo nguzo imezibwa na misindano au mikaratusi, hupoteza hata ishara hiyo.

Ndege zisizo na rubani humwondoa mtu angani, si hatari iliyopo chini. Nazo zinaweza kunasa kwenye nyaya, na dawa yake hupeperushwa na upepo hadi kwenye makazi, visima na mizinga ya nyuki. Ndiyo maana urushaji wake unahitaji kibali na husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, huku viuatilifu vikisimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Vibali pekee havitoshi. Serikali ya kijiji ndiyo inayojua waya uliovutwa mwezi uliopita. Taarifa hiyo ikimfikia rubani kabla hajaruka, huweza kuokoa maisha. Kwa upande wao, wananchi wanapaswa kukaa mbali na eneo linalonyunyiziwa, kuondoa mifugo, na kutookota kwelea kwelea waliokufa kwa ajili ya kitoweo, kwa kuwa sumu iliyowaua ndege hao humdhuru pia anayewala.