Nani Aliyewahi Kumalizia Humo Humo?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha harusi huko Tabata, katika baa iliyotupa viti bure kwa matumaini kwamba tutakunywa. Ajenda zilikwenda vizuri: ukumbi, mpambaji, keki, mshereheshaji, gari la maharusi. Tulipofika kwenye mengineyo, mzee mmoja wa heshima, ambaye alikuwa ameshamaliza mchango wake na kwa hiyo hakuna wa kumkatiza, akamgeukia bwana harusi. Amesikia kijana ana nyumba Chanika, tena imeshapauliwa. Sasa kupanga vyumba viwili Segerea ni kwa ajili ya nini? "Mwanangu, achana na kodi za watu. Hamia na mwenzio, mtamalizia humo humo." Kikao kizima kikapiga makofi. Bibi harusi hakuwepo.

Kauli hiyo nimeisikia maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akiipinga. Inasemwa kanisani, inasemwa kwenye msiba, dalali wa viwanja anaisema huku anakuonyesha kichaka. Hamia, utamalizia humo humo. Mimi nina swali moja tu, na nitaliuliza mpaka mnichoke: nani amewahi kumalizia?

Nionyesheni. Pandeni daladala ya Chanika, au nendeni Kivule, Chamazi, Mbezi Makabe, Goba ile ya ndani ambako lami inasubiriwa kila uchaguzi. Mtaona bati la msauzi linang'aa juu, chini tofali tupu. Dirisha la kwanza lina grili na kioo, hilo ni la mtaani, la kuonwa na wapita njia. La pili limezibwa kwa bati. La tatu limejazwa tofali zilizopangwa bila udongo, eti za muda. Mtoto aliyeingia nyumba ile akiwa mgongoni mwa mama yake leo yuko kidato cha nne, na tofali za muda bado ziko pale pale.

Sababu si umaskini, ingawa kila mtu atakwambia ni umaskini. Kinachomaliza nyumba ni kero ya kutokuwa ndani yake. Mtu aliyepanga huku ana pagale lake halali vizuri. Anahesabu mifuko ya saruji kitandani. Mwenye nyumba anapogonga mlango kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yule ndiye msimamizi bora wa ujenzi nchi hii imewahi kuwa naye, kuliko mhandisi yeyote. Siku unapohamia umemfukuza kazi msimamizi huyo. Kuanzia hapo kila shilingi inapata shughuli nyingine: ada, msiba, simu mpya, mchango wa harusi. Na jicho nalo linazoea. Wiki ya kwanza waya unaoning'inia darini, yaani pale ambapo dari lingekuwepo, unakukera. Mwezi wa tatu unautundikia kofia.

Nina rafiki, simtaji kwa sababu sikukuu bado nakula kwake. Alihamia kwa makofi kama yale ya Tabata. Sebuleni kwake kuna mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioletwa kwa ajili ya lipu. Fundi alikuwa anakuja Jumatatu. Mfuko umevuta unyevu, umeganda, umekuwa jiwe. Shemeji kaufunika kitambaa cha kufuma, na sasa ni kiti cha mgeni asiyekaa sana. Ukutani, jirani na swichi isiyo na kifuniko, fundi aliandika namba yake ya simu kwa mkaa, tarakimu kubwa kubwa. Nikauliza kwa nini haifutwi. Nikaambiwa itafutika yenyewe lipu ikipigwa. Fundi mwenyewe alishabadili laini. Kalenda imetundikwa juu yake lakini haitoshi, tarakimu tatu za mwisho zinachungulia.

Choo chake kina kanga badala ya mlango. Ukitaka kuingia unakohoa. Aliyemo naye anakohoa. Mama mkwe akija kuwatembelea, nyumba nzima inakohoa kama wodi.

Wanasema unaokoa kodi. Haya, tufanye hesabu. Tuseme ulikuwa unalipa 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000. Nionyeshe dirisha moja lililonunuliwa kwa pesa hiyo. Moja tu. Huna, kwa sababu kodi haikuwa imewekwa kwenye kopo. Ilikuwa inatafutwa kwa jasho kila inapokaribia kudaiwa, na isipodaiwa haitafutwi. Zaidi ya hapo umehamia mbali, nauli imepanda, bodaboda ya kutoka stendi iko pale pale, maji unanunua kwa boza. Hata serikali haikungoji umalize: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, dari liwepo lisiwepo.

Na kazi yenyewe ikifanyika watu wakiwa ndani, inaharibika. Muulize fundi yeyote mkweli, kama utampata. Sakafu ya saruji inatakiwa imwagiwe maji kwa siku saba hivi ili ikomae. Nani atamwagia maji sakafu ambayo watoto wanne wanatandika godoro juu yake? Kwa hiyo inaachwa ikauke kivyake, inapasuka, na kila ukifagia inatoa vumbi mpaka unahisi unafagia nyumba yenyewe kuitoa nje. Mabomba ya waya yanatakiwa yapite ukutani kabla ya lipu. Wewe ulipiga lipu chumba cha kulala kwanza kwa sababu mgeni anakuja, sasa fundi umeme anaichimba upya, na lipu ile ile unailipia mara ya pili. Marumaru unanunua boksi mbili leo, tatu mwakani. Namba ya rangi kwenye boksi hailingani, na sebule yako ina mstari katikati unaoonyesha mwaka mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Halafu anakuja kijana na msumeno wa umeme kukata hizo marumaru, ndani, mlango umefungwa ili jirani asilalamike. Lile vumbi jeupe lina silika, linaumiza mapafu. Linatua kwenye chandarua, kwenye ndoo ya maji, kwenye uji wa mtoto.

Isitoshe, fundi akijua unalala humo, amekushika. Pagale likiwa tupu, akikuzingua unamfukuza, unatafuta mwingine, nyumba inakusubiri. Ukiwa ndani, anang'oa sinki la choo Ijumaa jioni, anachukua "hela ya vifaa", anakwambia narudi kesho asubuhi, halafu anazima simu mpaka Jumatano. Utamfanya nini? Utampigia kwa upole, utamwita kaka. Nimemwona mtu mzima, mkuu wa idara kazini kwake, akimbembeleza fundi maiko kwa sauti ya mchumba.

Kuna jambo kubwa zaidi ya choo. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, limejaa wafanyabiashara na wateja. Watu zaidi ya 20 walikufa, na uokoaji ulichukua siku kadhaa. Ilielezwa kwamba chini palikuwa pakichimbwa kuongeza nafasi ya biashara, huku juu maduka yamefunguliwa kama kawaida. Mtaniambia kibanda cha Chanika si ghorofa la Kariakoo. Sawa. Lakini wazo ni lile lile, kwamba jengo linaweza kukatwa na kukaliwa kwa wakati mmoja, na mwenye kulikalia atajibanza pembeni kidogo.

Sasa nimesikia majibu yao. Jibu wanalolipenda kuliko yote ni hili: wazee wetu mbona waliishi kwenye nyumba za udongo na hawakufa? Ndugu yangu, nyumba ya udongo ya babu yako ilikuwa imekwisha! Mhaya hakuingiza familia kwenye msonge usioezekwa akasema nyasi tutamalizia humo humo. Mgogo hakulala kwenye tembe yenye kuta tatu. Babu alijenga kile alichokiweza, akakimaliza, akaingia, mke akawasha moto. Wewe umeanzisha vyumba vitano na sebule ya kuchezea mpira, umeishiwa kwenye renta, na unamsingizia babu.

Jibu la pili ni la yule fulani. Kila mtaa una fulani aliyehamia kwenye chumba kimoja na leo ana ghorofa. Nimemtafuta sana. Nikiwa Kivule naambiwa yuko Kigamboni, nikiwa Kigamboni naambiwa yuko Dodoma.

Halafu angalieni ni nani anayeitoa kauli hii. Sijawahi kuisikia kutoka kwa mwanamke, hata mmoja. Anayesema "mtamalizia humo humo" anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala na anarudi saa tatu usiku. Anayekaa humo humo ni mwingine. Ndiye anayefunga mtoto mgongoni huku akimpikia chai fundi na saidia fundi, anayefua mashuka yenye saruji, anayeoga kwa kuvizia kabla mafundi hawajafika, kwa sababu kanga ile ya chooni upepo ukivuma haina msimamo. Mume akirudi anauliza, "Wamefika wapi?" Hawajafika popote, baba. Wameongeza shimo.

Na pale Tabata tulikuwa tumepitisha bajeti ya mamilioni. Kuna fungu la maua. Kuna fungu la mtu wa kurusha karatasi zinazometa maharusi wakiingia. Nilipendekeza tuchukue fungu la karatasi zinazometa tununue mlango wa choo, fremu yake na komeo. Wajumbe walicheka, wakadhani nachangamsha kikao. Katibu hakuandika.

Watu wananiuliza basi nyumba ihamiwe lini. Ikiwa na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Waya zote zikiwa zimefunikwa. Madirisha yote yakiwa na nyavu, hata lile la uani ambalo halionwi na mtu. Sakafu ikiwa imekomaa, na hakuna ukuta utakaochimbwa tena. Kama umejenga vyumba vitano na uwezo ni wa viwili, maliza viwili kabisa, vingine viwekee ukuta, uvisahau. Na kama hata viwili havijafika hapo, mwenye nyumba wa Segerea anakusubiri na miezi yake sita. Mlipe.