Jemadari wa Mwisho Kuweka Silaha



Kila atajwapo Stand Watie hutajwa kwa jambo moja: kwamba ndiye jemadari wa mwisho wa majimbo ya Kusini ya Marekani kuweka silaha chini, tarehe 23 Juni, 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Jemadari Lee kusalimu amri. Mimi naona sifa hiyo ni ndogo, tena imewafunika watu wa nyumbani kwake.

Watie alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, aliyezaliwa Georgia mwaka 1806. Jina lake la kwao, Degataga, maana yake ni kusimama imara. Alisomea shule ya wamisionari, na ndugu yake, Elias Boudinot, alikuwa mhariri wa kwanza wa Cherokee Phoenix, gazeti lililoanza mwaka 1828 kwa Kiingereza na Kicherokee. Hawakuwa watu wajinga hata kidogo.

Basi Georgia ikaitamani nchi yao. Boudinot, pamoja na baba yao mkubwa, Major Ridge, na mwanawe John, waliona hakuna njia ila kuuza na kuhama. Tarehe 29 Desemba, 1835, mapatano yakafanywa New Echota: nchi yote ya mashariki ya mto Mississippi kwa dola milioni 5. Watie naye alitia sahihi. Taifa halikuwatuma, mkuu wao, John Ross, alikataa, na maelfu ya watu pamoja naye. Hata hivyo Seneti ya Marekani iliyapitisha kwa kura moja tu. Mwaka 1838 askari wakaja kuwatoa watu majumbani. Yakisiwa kuwa kati ya watu 16,000 waliohamishwa, 4,000 walikufa kwa maradhi, njaa na baridi.

Tarehe 22 Juni, 1839, Ridge, mwanawe na Boudinot waliuawa siku moja na Wacherokee wenzao. Watie alipata habari mapema, akaokoka. Mwaka 1845 mdogo wake Thomas akauawa pia.

Hasira ya mtu huyu naielewa. Nisichokubali ni mahali alipoipeleka. Alikuwa na shamba, na waliolilima ni watumwa weusi. Vita vilipoanza mwaka 1861 alishika upande wa wenye kutetea utumwa, akawa kanali, na mwaka 1864 jemadari. Alikuwa hodari wa kuvizia: aliteka merikebu ya moshi katika mto Arkansas, na huko Cabin Creek msafara mzima wa magari ya shehena. Lakini mwaka 1863 aliichoma pia nyumba ya Ross, na majengo ya Tahlequah, mji mkuu wa taifa lake mwenyewe. Na wale watumwa? Hawakumfukuza Georgia, wala hawakumwua ndugu yake hata mmoja.

Wakati huo mkewe, Sarah, alikuwa amekimbilia Texas. Mwaka 1863 alisikia kwamba mwana wao Saladin, kijana asiyetimia miaka 18, ameshiriki kumwua mateka. Akamwandikia mumewe: nataka kujua ni nani aliyeuawa, na ilikuwaje, waambie wanangu wawe na huruma kama wanavyotumaini kuhurumiwa na Mungu. Habari hizo, alisema, karibu zimtie wazimu. Sarah hakuwa malaika, maana naye alikula jasho la watumwa wale wale. Lakini katika barua hiyo naona ushujaa kuliko katika Cabin Creek.

Mwana wao Cumiskey alikufa mwaka ule ule, Saladin mwaka 1868, na Solon mwaka 1869. Watie alipofariki mwaka 1871 hakuachiwa mwana wa kiume hata mmoja.

Mwaka 2020 serikali ya Wacherokee iliondoa huko Tahlequah mawe mawili ya ukumbusho wa jeshi la Kusini, moja likiwa la kumheshimu Watie. Wako walionung'unika kwamba historia inafutwa. Mimi sioni hivyo. Watumwa wa Wacherokee walifanywa raia wa taifa hilo kwa mapatano ya 1866, na wajukuu zao wamekuwa wakipita mbele ya jiwe lile. Ama historia, barua za jamaa ya Watie zilichapishwa kitabuni mwaka 1939, ya Sarah ikiwamo, na mwenye kutaka azisome.