Hameni na Watoto Wenu

Mtumishi wa umma akihamishiwa Dodoma, familia nyingi huamua jambo lilelile: baba aende, mama na watoto wabaki Dar es Salaam. Sababu inayotajwa ni shule. Watoto wasivurugwe, husemwa, na ndugu wote wanaafiki. Ijumaa jioni baba anapanda treni, Jumapili anarudi kazini. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo wameshaingia sekondari, na baadhi yao wamekuzwa na baba wa mwisho wa wiki.

Imani kwamba mtoto akikulia nje ya Dar atabaki nyuma ni potofu, na wanaoumia ni watoto wenyewe.

Tuanze na hiyo shule. Serikali ina sekondari za vipaji maalumu, zinazopokea wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi. Ilboru iko Arusha, Mzumbe na Kilakala ziko Morogoro, Msalato iko Dodoma, Kibaha iko Pwani, na Tabora ina mbili, ya wavulana na ya wasichana. Dar haina hata moja kati ya hizo. Kwa shule binafsi, kabla Baraza la Mitihani halijaacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, majina tuliyozoea kuyasikia kileleni ni kama St. Francis ya Mbeya na Kemebos ya Kagera. Wazazi wa Dar wanalijua hili, ndiyo maana wengi hulipa ada za bweni mikoani. Kama shule nzuri tunaifuata mkoani, kwa nini tuigawe familia kwa jina la shule za Dar?

Mwangalie mtoto wa Goba anayesoma Mikocheni. Saa kumi na nusu alfajiri anaamshwa, anavalishwa sare huku anayumba kwa usingizi, uji anaunywa nusu kikombe. Basi la shule linamchukua gizani, kisha linazunguka mitaa ya Madale na Tegeta kukusanya wenzake. Kipindi cha kwanza kinamkuta amechoka. Jioni foleni ni ileile, anafika nyumbani usiku umeingia, anasinzia juu ya daftari. Mwenzake wa shule ya kata hana hata basi hilo. Amesimama kituoni na begi mgongoni, makonda wanamzuia mlangoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo.

Hali hii haitabadilika leo wala kesho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka 10. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 na yamesaidia, lakini mvua kubwa ikinyesha Jangwani panafurika na Barabara ya Morogoro inafungwa.

Wengine watanikumbusha hospitali. Muhimbili na Ocean Road ziko Dar, sibishi. Lakini Mwanza ina Bugando, Moshi ina KCMC, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Homa ya mtoto usiku wa manane inataka zahanati ya karibu na mzazi wa kumbeba.

Dodoma ina shida zake: maji ya mgawo, vumbi, na kodi za nyumba zilizopanda tangu ofisi zihamie. Zote hizo familia inazimudu ikiwa pamoja. Mtu akitoka kwenye ofisi za serikali Mtumba saa tisa na nusu, jua litakuwa bado halijazama atakapofika nyumbani Ilazo au Kisasa. Atakagua madaftari, atamuuliza binti yake kwa nini amenuna, na atajua jina la rafiki wa mwanawe. Mambo hayo hayasubiri Ijumaa, na simu haiyafikii yote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea kunamtaka mtu aliyepo. Mama aliyebaki Dar, akifanya kazi na kulea peke yake, naye anastahili mwenzake.

Simwambii mfanyabiashara wa Kariakoo afunge duka, wala kijana anayetafuta ajira asiende Dar. Ninasema na wenye hiari: watumishi mnaohamishwa, na wazazi wote mliopata kazi Mwanza, Mbeya, Tanga au Arusha lakini mkawaacha watoto kwa kuogopa kuonekana mmeshuka. Mtoto akihamishwa shule, huzoea wenzake wapya mapema kuliko mnavyodhani. Miaka aliyokua bila baba yake hairudishwi na cheti chochote. Kabla muhula wa Januari haujaanza, nendeni mkaombe uhamisho wa shule, mfunge mizigo, mwende nao.