Kambi ya Bure Haina Mtumishi



Shule zikikaribia kufungwa, katika ofisi ya parokia huanza kufika barua za namna moja. Vijana wa kigango fulani waomba ruhusa ya kwenda kupiga kambi siku mbili au tatu, wapate kusali, kujifunza na kucheza pamoja. Mahali walipopachagua ni pazuri kweli: chini ya mlima, au kando ya mto, au ufukoni mwa ziwa, mbali na barabara na kelele. Na mwishoni mwa barua huandika kwa furaha: "Mahali penyewe ni bure."

Neno hilo "bure" ndilo nataka tulizungumze leo, ninyi baba na mama mnaowatuma watoto, nanyi vijana mnaokwenda. Sina nia ya kuzuia kambi. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate juu ya moto wa makaa, asubuhi, kando ya ziwa. Kijana aliyelala nje na wenzake, akateka maji na kupika kwa mikono yake, hurudi nyumbani akijua kazi ya mama yake ni kubwa kiasi gani. Hilo peke yake ni faida.

Walakini, mahali pa bure maana yake ni moja tu: hakuna mtu aliyelipwa kututumikia pale. Hakuna aliyechimba choo. Hakuna aliyechota maji. Hakuna atakayefagia tukiisha kuondoka. Kazi zote hizo zipo, tena zinangoja mtu wa kuzifanya. Tusipozifanya sisi, atazifanya mwingine nyuma yetu, naye hata kambini hakualikwa.

Mwaka mmoja alifika ofisini mama wa makamo, ametembea tangu alfajiri. Alinisalimu, nikampa kiti, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Bwana Karani, wale vijana waliolala kule juu kwenye kijito chetu, ni wa Kanisa letu?" Nikamjibu kwamba ndio. Akasema, "Walikuja kusali, nasi tuliwasikia wakiimba vizuri sana. Lakini sasa wao wamekwisha kusali, sisi ndio tumebaki kunywa."

Hakuongeza neno. Vijana wale walikuwa watu 40, wamekaa siku mbili juu ya kijito bila kuchimba choo hata kimoja. Kila mmoja alijiendea kichakani karibu na maji. Mvua ilipopiga, kijito kikabeba yote mpaka penye ndoo za akina mama. Baba Paroko alipoambiwa, alisema kundi lile halitapewa ruhusa nyingine kabla halijarudi kule na majembe. Walirudi. Walifukia na kusafisha siku nzima, na jioni wakaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hata hivyo uchafu ulioingia majini hauwezi kufukiwa kwa jembe. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo hiyo, wala havimwulizi mtu kama ni wa VIWAWA au wa kwaya.

Basi, ninyi mnaojiandaa kwenda, yashikeni mambo haya machache.

Kwanza, ulizeni mwenye mahali. Pori lisilo na ua silo pori lisilo na mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji kabla ya siku ile, mkiwa na barua ya parokia, mkaeleze ninyi ni akina nani, mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Mahali pakiwa ni msitu wa hifadhi, sharti kupata kibali cha wanaoutunza. Tena wenyeji ndio wajuao chui hupita wapi, maji hukauka lini, na mto hujaa upande gani. Mgeni asiyeuliza huambiwa na mto wenyewe.

Pili, hesabuni maji. Watu wengi huhesabu mchele na maharagwe hata kijiko cha mwisho, lakini maji huyasahau. Mtu mmoja, kwa kunywa, kupika na kunawa, ahitaji kwa uchache lita 7 na nusu kwa siku. Watu 40 basi wataka lita 300 kwa siku, yaani madumu 15 ya lita 20. Kwa siku mbili ni madumu 30. Je, ni nani atakayeyabeba, na kutoka wapi? Kama hamna jibu la swali hilo, kambi yenu bado haijawa tayari. Maji ya mto au ya ziwa, hata yakiwa maangavu kama kioo, yachemsheni. Yakiwa na tope, yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemke sana kwa dakika 1 nzima. Na juu milimani, kupita meta 2,000, kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya bondeni. Na watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia penye majani na konokono. Kichocho huingia kwa ngozi, si kwa kinywa tu.

Tatu, choo. Najua wengine watacheka kuona neno hili katika gazeti la Kanisa. Basi wafungue Biblia, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Humo waana wa Israeli wanaamriwa wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, ajisaidiapo achimbe na kufukia. Na sababu imetolewa papo hapo: Mwenyezi Mungu hutembea katikati ya kambi yao, kwa hiyo kambi sharti iwe takatifu. Tazameni basi. Sisi hudhani utakatifu wa kambi ni rozari na nyimbo za usiku. Mungu akaanza na shimo la choo.

Chimbeni siku ya kwanza, kabla ya kupika, kabla hata ya kutandika mikeka. Chimbeni mfereji mwembamba, upana kama sentimeta 30, kina cha kufika kiunoni, mmoja kwa wasichana na mmoja kwa wavulana, kila mmoja upande wake. Zungusheni miti na majani, mtu apate stara. Udongo uliochimbwa ubaki kando pamoja na koleo, kila atokaye afukie kidogo. Mlangoni ning'inizeni kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Na umbali wa kutoka majini usipungue meta 60, ambazo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetaja meta hizo hizo 60, kwamba karibu ya hapo na kingo za mto au ziwa pasifanywe kazi ya kuharibu mazingira. Torati na Bunge wamekubaliana. Kwa nini sisi tubishe?

Nne, gawaneni kazi. Mwingereza Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipofanya kambi yake ya kwanza ya majaribio mwezi wa Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea, aliwachukua wavulana kama 20, wengine watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akawachanganya na kuwagawa katika vikundi 4. Mfano huo ni mwema kwetu. Kikundi kimoja kishike maji, cha pili kuni na jiko, cha tatu choo na usafi, cha nne ulinzi, kesho wabadilishane. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mchungaji wa mbuzi washike koleo moja. Wala wasichana wasiachiwe sufuria zote huku wavulana wakipiga mpira. Kambi ya namna hiyo haifundishi jambo jipya; hayo wameyaona nyumbani tayari.

Tano, moto na usiku. Chagueni mahali pa kulala kabla jua halijashuka. Msilale katika korongo kavu, ijapokuwa mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika usiku wa manane wala ninyi hamkuona wingu. Motoni fagieni majani pande zote, na moto uwe mbali na turubai. Tena nawasihi sana, baba na mama, wafundisheni watoto jambo hili: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya hema au chini ya turubai lililofungwa, hata baridi ikiwaje. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala nayo kama anayelala usingizi mzuri, na asubuhi haamki. Baridi dawa yake ni blanketi na kulala karibu karibu.

Kila alalaye awe ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wa malaria huuma tangu jioni hadi alfajiri. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Aendaye chooni usiku achukue tochi na mwenzake. Nyoka akimuuma mtu, msimchanje, msimnyonye jeraha, wala msimfunge kamba ya kukaza. Mlazeni atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe upesi hospitali. Ndiyo maana kabla ya kwenda sharti mjue zahanati ya karibu iko wapi, na ni mwenye pikipiki au gari gani aliyekubali kuitwa hata usiku. Kama hapana mtandao wa simu, mjue ni kilima gani unapopatikana. Orodha ya majina yote na simu za wazazi ibaki parokiani.

Na wazazi, msiwatume watoto peke yao. Kila kambi iwe na baba na mama wa kutosha kutoka katika jumuiya, watu wazima wanaoheshimiwa, nao walale pale pale. Wasichana walale upande wao pamoja na mama walezi, wavulana upande wao pamoja na baba walezi. Anayeomba mtoto wako kwa safari ya siku mbili asione vibaya ukimuuliza jina lake, atokako, na nani mwingine atakuwepo. Mwema hujibu kwa furaha.

Sita, kuondoka. Hapa ndipo kambi hupimwa. Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu. Siku ya mwisho kila mtu anatazama barabara. Kwa hiyo tengeni saa mbili nzima za kazi hii. Mifereji ya choo ifukiweni mpaka udongo upande kidogo juu, kwa maana utashuka. Moto umwagiwe maji, uchanganywe, umwagiwe tena, mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu ya majivu yake. Kisha jipangeni safu moja, bega kwa bega, mvuke kambi kutoka upande hadi upande mkiokota: vifuniko vya chupa, vipande vya nailoni, betri za tochi, maganda ya pipi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za plastiki na vifungashio bado vipo. Mlichokuja nacho kimejaa, rudini nacho kikiwa kitupu. Msikifukie, kwa kuwa mbuzi na mvua watakifukua.

Yule Baden-Powell alikufa mwezi wa Januari 1941 huko Nyeri, Kenya, na kaburi lake liko huko hata leo. Juu ya jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati. Ni alama ya Skauti njiani, maana yake mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Nadhani ni alama nzuri ya kuachwa na mtu yeyote aliyekuwa mgeni mahali. Wengine tunapokwenda nyumbani huacha alama za namna nyingine kabisa, tena zinanuka.

Basi, vijana, barua zenu zileteni, nitazipokea. Ila kuanzia sasa, pale mnapoandika kwamba mahali ni bure, andikeni chini yake majina ya watakaochimba, watakaochota na watakaofukia. Baba Paroko ataisoma orodha hiyo kabla ya kutia sahihi. Na asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiisha kufungwa, mtumeni mmoja amwite mwenyekiti wa kijiji aje atazame. Akizunguka pale, akatazama kichakani na kando ya maji, kisha akauliza, "Kwani mlilala wapi?", hapo imbeni wimbo wenu wa mwisho, mwende nyumbani.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia