Kwa Miguu Hadi Ziwa la Jackson

Sisi tukaao Kwanza huuona Mlima Elgon kila siku, lakini ni wachache tuliokwisha kuupanda. Hivi karibuni mimi na wenzangu watatu tulivuka mpaka hadi Budadiri, nchini Uganda, tukapata kiongozi wa njia na wapagazi.

Siku ya tatu, katika njia iendayo kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, tulifika penye ziwa dogo liitwalo kwa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyepanda mlima huo mwaka 1890. Tulilizunguka polepole, kwa maana hewa ya huko ni haba na baridi ni kali. Mimea ya lobelia imesimama huko, mingine imezidi kimo cha mtu.

Hapo nilikula biskuti nikaitupa karatasi yake. Mpagazi mmoja aliiokota bila kusema neno, akaitia mfukoni. Niliona haya sana, mimi ambaye kazi yangu ofisini ni kunakili ilani za usafi!

Ndugu wasomaji, mlima huo ndio chanzo cha maji yetu. Mto Suam huanzia katika shimo kubwa la kilele chake, hufuata mpaka, kisha huitwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Achafuaye juu humnywesha uchafu aliye chini. Basi nendeni mkatazame, mchukue mablanketi mazito, na kila mlichopanda nacho mshuke nacho.